Gari Likikwama Njiani, Tazama Kwanza

Mimi ni karani katika ofisi moja ya serikali mjini Kajiado, na nyumba yangu iko Kitengela. Kila siku ya kazi nasafiri zaidi ya kilomita 40 kwenda, na nyingine kama hizo kurudi, kwa barabara kuu ile iendayo Namanga na kuvuka mpaka hata Arusha. Waijuao barabara hiyo watakumbuka ya kuwa ukiisha kupita Isinya nyumba huwa chache, na uwanda hutanda pande zote mbili. Huko gari likisimama huna duka wala gereji. Ni wewe, na upepo, na malori yanayopita kwa kasi. Kwa hiyo nimeona ni vema niwaeleze ndugu zangu wasomaji mambo mawili yaliyonipata mimi mwenyewe, ili mwingine asije akalipia ujinga kama nilivyolipia mimi.

Gari langu ni Toyota dogo, lililokwisha tumika Ujapani kabla ya kuletwa kwetu. Nililinunua mapema mwaka 2021 kwa mkopo wa chama chetu cha akiba na mikopo, na deni lake lilikatwa katika mshahara wangu kila mwezi. Kama walivyo watu wengi wenye gari la kwanza, nililiosha sana kwa nje. Vioo viling'aa, viti vilifutwa vumbi, na hata magurudumu niliyapiga brashi kila Jumapili asubuhi kabla ya kwenda kanisani. Lakini boneti sikuifungua hata siku moja. Niliona ya kuwa kilichomo ndani yake ni siri ya mafundi, nami kazi yangu ni kalamu.

Jambo la ajabu ni kwamba katika shule ya misheni niliyosoma tulifundishwa habari za umeme vizuri kabisa. Niliweza kuchora katika daftari betri, waya, na taa, na kuonyesha kwa mishale njia unayopita umeme. Mwalimu akanipa alama nzuri. Elimu ile niliiacha darasani, nikatoka na cheti tu.

Basi, siku moja ya mwezi wa Septemba mwaka ule ule, nilimchukua mama yangu mzazi kwenda kutazamwa macho Kajiado. Alipokwisha tazamwa alikuja akaningoja ofisini hata saa kumi na moja jioni, kisha tukaingia garini twende nyumbani. Nikageuza ufunguo. Injini haikuzunguka, nilisikia mlio mdogo tu, ka-ka-ka, kama mtu agongaye ukucha mezani. Nikageuza tena mara kumi, na mlio ukazidi kuwa hafifu. Mama akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, umetazama ndani?" Nami nikamjibu kwa majivuno, "Mama, haya ni mambo ya mafundi."

Nikapiga simu, nikaita lori la kukokota magari. Lilifika saa mbili usiku. Mama amekaa ndani ya gari wakati wote huo amejifunika leso mbili, maana upepo wa Kajiado jioni haumhurumii mzee. Tulivutwa hata Kitengela, nikatozwa shilingi 9,000. Asubuhi fundi akaja. Alifungua boneti, akaipapasa betri, akaitikisa waya moja kwa kidole, nayo ikacheza kama jino bovu. Akakwangua unga mweupe uliokuwa umeganda pale waya inaposhikana na betri, akakaza nati kwa spana ndogo, akaniambia, "Washa." Gari likawaka. Kazi yote haikuzidi dakika kumi, naye akaomba shilingi 300 tu.

Nilisimama pale bila neno. Kumbe nimelipa shilingi 9,000 kwa ajili ya nati iliyolegea! Na fedha zile hazikuwa za kuchezea, kwa kuwa zilikuwa salio la karo ya binti yangu, aliyekuwa ndiyo kwanza ameingia kidato cha kwanza katika shule ya bweni. Juma lile lile alirudishwa nyumbani, akakaa siku nne wenzake wakisoma. Jioni moja akaniuliza, "Baba, gari liliumwa nini?" Nikamjibu, "Uchafu." Hakucheka, wala mimi sikucheka.

Katika mtaa wetu yuko mzee mmoja aliyekuwa dereva wa serikali miaka mingi kabla ya kustaafu. Nilimwendea, nikamweleza yote bila kuficha. Akaniambia, "Mwanangu, zamani dereva alipopata leseni alijiona hajamaliza masomo. Tuliendesha magari katika matope meusi ya uwanda huu, wala hapakuwa na simu mfukoni. Aliyeshindwa kujisaidia alilala porini." Akanikumbusha mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953. Katika mashindano hayo Bwana Joginder Singh, mzaliwa wa Kenya aliyekuwa fundi wa magari, alishinda mwaka 1965 pamoja na ndugu yake Jaswant, wakiendesha Volvo iliyokwisha tumika katika mashindano kabla yao. Akashinda tena mwaka 1974 na 1976. Mzee akasema, "Yule alijua spana kabla ya kuujua usukani. Mbio peke yake hazimfikishi mtu."

Kwa Jumamosi kadha wa kadha alinifundisha. Naandika hapa muhtasari wa mafundisho yake, kwa utaratibu ule ule alionipa, maana alisisitiza kuwa utaratibu ni nusu ya dawa.

Jambo la kwanza si gari, bali ni watu. Gari likikuharibikia mwendoni, liondoe barabarani kama lingali linasukumika, vuta breki ya mkono, washa taa za tahadhari, kisha weka zile pembetatu nyekundu za kuakisi mwanga, moja mbele na moja nyuma, mbali kiasi cha kumpa dereva wa lori nafasi ya kupunguza mwendo. Abiria watoke upande usio wa magari, wakasimame mbali na lami. Watu wamegongwa wakiwa wameinama kutazama gurudumu, hali gari lenyewe halikuwa na ugonjwa wa kutisha.

Jambo la pili, gari likikataa kuwaka, anza na mambo madogo hata kama yanakutia haya. Gari la gea za kujibadilisha haliwaki ila mkono wa gea uko mahali pa kuegesha au mahali pa kati. Na magari mengine hutaka ukanyage breki, au klachi. Ufunguo ukigoma kuzunguka, huenda usukani umejifunga. Utikise usukani kidogo huku na huku ukigeuza ufunguo polepole. Kisha tazama mafuta. Mshale wa mafuta huweza kudanganya, hasa gari likiwa kwenye mteremko.

Jambo la tatu, liulize gari kwa taa. Washa taa kubwa, piga na honi. Taa zikiwa hafifu na honi ikilia kama kikohozi, basi shaka iko katika betri au katika viungo vyake. Zima kila kitu, fungua boneti, uzitazame waya mbili za betri. Ikiwa moja yacheza, ikaze. Ikiwa pana unga mweupe au wa kijani, umeme haupiti vizuri. Fungua kwanza waya wa alama ya kutoa, kisha ule wa alama ya kujumlisha. Kwangua, kaza tena ukianza na wa kujumlisha. Ukiwa nyumbani waweza kusafisha kwa maji ya moto yaliyotiwa magadi kidogo, mradi yasiingie ndani ya betri. Na sisi watu wa Kajiado, wenye Ziwa Magadi katika jimbo letu, hatuna udhuru wa kukosa magadi. Unga ule usiuguse kwa mkono mtupu ukajipangusa macho, maana una asidi.

Ikiwa viungo ni safi na betri imekwisha nguvu, omba gari jingine likusaidie kwa waya za kuazima umeme. Waya nyekundu iunge kwanza katika alama ya kujumlisha ya betri iliyokufa, kisha katika alama ya kujumlisha ya betri nzima. Waya nyeusi iunge katika alama ya kutoa ya betri nzima, na ncha yake ya mwisho iunge katika chuma kitupu cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri. Sababu yake ni kwamba betri hutoa hewa iwezayo kuwaka, na cheche ya mwisho haifai kuruka karibu nayo. Gari likiisha kuwaka usilizime upesi. Na ikiwa kesho yake betri imekufa tena, pengine kosa si la betri bali la altaneta iijazayo, au la mkanda unaoizungusha; hapo mwone fundi.

Ikiwa taa zang'aa vizuri, lakini ufunguo ukigeuzwa injini haizunguki kabisa, tazama fyuzi. Katika magari mengi kifuniko cha kisanduku chake kina picha ya kuonyesha kila fyuzi ni ya nini. Iliyoungua utaijua kwa uzi wake uliokatika. Weka nyingine ya kipimo kile kile, wala usithubutu kuweka yenye kipimo kikubwa zaidi au kipande cha waya, kwani fyuzi huungua ili gari lisiungue.

Jambo la nne ni gurudumu. Wengi huinua gari kwanza, halafu wakapigana na nati huku gurudumu likizunguka hewani. Sivyo. Weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu mengine, legeza nati gari likiwa bado chini, ndipo uinue kwa jeki mahali pagumu. Wala usiingize mwili wako chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Ukirudisha nati, zikaze kwa kurukaruka, moja huku na nyingine upande wa pili, si kwa kuzunguka. Ukiisha kwenda kilomita chache, simama uzikaze tena. Na gurudumu la akiba lipime upepo kila mwezi. La akiba lisilo na upepo ni mzigo tu.

Jambo la tano, jua mipaka yako. Breki zikiwa laini, usukani ukiwa na mchezo, ukinusa petroli, ukiona moshi, au taa nyekundu ya mafuta ya injini ikiwaka, simama, zima injini, uite msaada. Hapo fedha za kukokotwa si hasara. Chama cha wenye magari kimekuwapo katika nchi hii tangu mwaka 1919, na mafundi wa kuaminika wapo kila mji. Mzee hakunifundisha kuwadharau, bali kuwaita nikiwa na sababu.

Na juu ya hayo yote aliniwekea amri moja: "Kila asubuhi, kabla hujaingia garini, inama utazame chini yake. Kisha mara moja kila juma, injini ikiwa baridi, pima mafuta yake na maji."

Nilijifunza, nami nikawa hodari, au nilidhani hivyo. Ofisini walianza kuniita fundi. Gari la mwenzangu lilipokataa kuwaka nilikunja mikono ya shati, nikakaza waya, likawaka, nikarudi kwenye meza yangu nimetuna kifua. Lakini ile amri ya kuinama niliishika kwa miezi michache tu. Asubuhi mtu ana haraka. Tena kuna umande, na suruali imepigwa pasi.

Sasa nifike kwenye jambo la pili, ambalo ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa Oktoba 2022. Wasomaji wanakumbuka hali ya nchi wakati ule. Mvua zilikuwa zimekosa kunyesha vya kutosha majira kwa majira tangu mwisho wa mwaka 2020, na katika Kajiado mizoga ya ng'ombe ilionekana kando ya njia. Nilikuwa nakwenda ofisini kumaliza hesabu zilizochelewa. Nilipopita Isinya nikaona mshale wa joto umepanda, na kabla sijafika mbali ukagusa alama nyekundu. Nikatoka barabarani, nikazima injini, nikaweka pembetatu, nikafungua boneti. Mvuke ukanipiga usoni.

Mkono wangu ulikuwa umekwisha kwenda kwenye kifuniko cha rejeta ndipo nikakumbuka sauti ya mzee: "Kifuniko cha rejeta yenye moto ni kifuniko cha chungu cha msiba." Maana maji yaliyo ndani yamebanwa, hata yamepita kiasi cha kuchemka kwa kawaida, ukifungua yataruka kama mkuki na kukuchubua ngozi ya uso na mikono. Nikarudi nyuma, nikangoja karibu saa nzima, hata nikaweza kukishika kifuniko bila kuungua. Nikakifunika kwa kitambaa, nikakifungua polepole. Ndani mlikuwa mkavu.

Nikatafuta sababu, nikaiona upesi. Bangili ya chuma ishikayo mpira wa maji wa chini ilikuwa imelegea, na mpira wenyewe ulikuwa na alama za maji yaliyokuwa yakitoka kidogo kidogo kwa muda mrefu. Mara nikakumbuka: kwa majuma mawili palikuwa na doa la maji mahali ninapoegesha gari Kitengela. Nililiona kila asubuhi, nikaliruka ili nisichafue viatu.

Bangili niliikaza kwa bisibisi nusu dakika. Lakini maji sikuwa nayo hata chupa moja.

Nilikuwa nikitazama huku na huku ndipo akaja mama mmoja wa Kimaasai na binti yake mdogo, wakiswaga punda wawili waliobeba madumu ya maji. Mtoto akaja mbele yangu akainamisha kichwa, kama wafanyavyo watoto wa huko waliolelewa vema, nami nikakigusa kwa kiganja. Nikamwamkia mama yake, nikamweleza shida yangu kwa haya. Aliitazama rejeta, akanitazama na mimi, akasema, "Ndugu yangu, gari nalo limekosa mvua?" Kisha akafungua dumu moja, akanijazia kibuyu mara tatu. Nikatoa fedha. Akazikataa, akisema maji hauziwi mtu aliyekwama njiani.

Nikamwuliza, "Mama, mmetoka mbali?" Akajibu, "Tuliondoka kabla ya alfajiri. Kisimani kuna foleni. Haya ni ya ndama wawili waliobaki, na ya nyumba." Alilisema bila kunilaumu. Akawaswaga punda wake wakaenda zao.

Nikayatia yale maji polepole, injini ikiwa imepoa, kwa kuwa maji baridi katika injini yenye moto huweza kupasua chuma. Nikaliwasha gari, nikatazama ule mpira, hauvuji tena. Nikaenda hata Kajiado kwa mwendo wa pole, jicho moja likiwa kwenye mshale. Kwa mambo ya ufundi, wasomaji, nilikuwa nimeshinda. Sikuita lori, sikuungua, wala sikulipa hata senti. Lakini njia nzima sikuwa na furaha. Mara ya kwanza uzembe wangu ulimlipisha binti yangu siku nne za masomo. Mara ya pili ulimlipisha mama nisiyemjua maji ya ndama wake, katika mwaka ambao maji yalikuwa ndiyo uhai. Na yote mawili yangalizuiliwa kwa kuinama mara moja asubuhi, kazi isiyo na gharama.

Jumamosi iliyofuata nilipakia madumu manne ya maji kutoka Kitengela, nikaenda nikangoja pale pale tangu saa moja asubuhi hata saa tano. Yule mama hakupita. Nikawapa jamaa wengine waliokuwa na punda, nikawaeleza habari zake; wakasema watamfikishia salamu kama ni yule wanayemdhania. Mpaka leo sijui kama zilimfika.

Baadaye, katika mafuriko ya Aprili na Mei 2024, tulipata shida ya namna nyingine Kitengela, maji yakawa mengi mno. Jirani yangu mmoja alitaka kuliwasha gari lake lililokuwa limezama hata kiti. Nikamzuia, maana injini iliyomeza maji ikilazimishwa kuzunguka huvunjika ndani. Akamwita fundi kwanza, nalo gari likaokolewa. Nikaona ya kuwa kujua lini usifanye kitu ni sehemu ya ufundi pia.

Basi, ndugu msomaji mwenye gari, au utakayepata gari kesho, weka ndani yake vitu hivi: maji lita 5, spana ya betri, bisibisi, jeki, kurunzi, fyuzi chache, waya za kuazima umeme na kitambaa kinene. Havitajaza hata kikapu kimoja. Lakini chombo kikubwa kuliko hivyo vyote ni macho yako mwenyewe, nayo huyabebi katika kikapu.

Siku hizi binti yangu akiwa likizoni hunitangulia asubuhi. Huinama akatazama chini ya gari, kisha huniambia, "Pakavu, Baba." Ndipo ninapowasha.